Paa Tambarare Lisilovuja: Jinsi Tulivyochagua Utando wa Nyumba ya Babu

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike juu ya methali moja, nami nikamwambia methali ninayoijua barabara ni ile ya kuziba ufa, kwa sababu niliiona kwa macho yangu ikidondoka kutoka juu, tone baada ya tone, ikiingia ndani ya ndoo dukani kwa shangazi. Akacheka, akasema basi andika hiyo ndoo.

Marehemu babu alijenga nyumba ya ghorofa moja mjini Karatina, si mbali na reli. Chini kuna maduka manne na mkahawa. Juu kuna vyumba vya kukodisha, na kimoja ni cha shangazi yangu anayeshona nguo na kufuma sweta za shule. Kodi ya nyumba hiyo ndiyo inayonilipia karo mimi na binamu zangu watatu. Babu aliijenga kwa pesa za kahawa, kidogo kidogo, na kama wenye nyumba wengi wa miji yetu, hakuiezeka. Alimimina slabu ya saruji juu, akaacha vyuma vya nguzo 12 vimechomoza mithili ya pembe, akisema ghorofa ya pili itakuja Mungu akipenda. Ewe msomaji, hebu tembea Karatina, Nyeri, Kerugoya au Embu na uinue macho. Vyuma hivyo utaviona kila upande. Kwa kweli mapaa mengi ya miji yetu ni sakafu zinazongoja nyumba.

Basi ikaja masika ya 2024, ile mvua iliyoleta mafuriko nchini. Usiku mmoja maji yalipenya juu ya chumba cha shangazi, yakashuka kwenye sweta sitini alizokuwa amekwisha kuzifuma, na kwenye majora mawili ya kitambaa. Sweta zikapata madoa ya kutu yasiyotoka hata kwa sabuni gani. Shangazi alirudisha malipo ya wazazi waliokuwa wamelipa mapema. Mpangaji wa chumba cha pili, aliyekuwa na darasa la kompyuta, alihama mwezi uliofuata, na ni nani angemlaumu? Kodi ikapungua, nami nikakaa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya karo. Huko nyumbani sikuwa na kazi, kwa hiyo baba akanituma kupima paa. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika somo hili.

Kwanza kabisa niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui. Saruji haizuii maji. Tunaiona ngumu kama mwamba tukadhani imeziba, kumbe ina vinyweleo, tena hupasuka. Karatina iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, karibu sana na ikweta. Adhuhuri jua hupiga slabu hadi huwezi kukanyaga kwa miguu mitupu, na usiku baridi ya Mlima Kenya hushuka. Slabu hutanuka mchana na kujikunja usiku, kila siku ya mwaka, na mahali fulani lazima iachie. Maji yakiisha kuingia kwenye ufa hayashuki papo hapo. Husafiri chini ya plasta, yakafuata chuma, yakatokea mita tatu au nne mbali. Ndiyo maana fundi wa kwanza aliyeitwa miaka ya nyuma alipaka rangi nyeusi ya lami juu ya mahali palipodondoka, akalipwa, akaenda zake. Miaka miwili haikuisha, rangi ikakakamaa na kupasuka kama tope la kiangazi.

Siku ile nilipopanda juu mvua ilikuwa imekatika asubuhi, lakini kwenye pembe ya kaskazini palikuwa na dimbwi. Nililipima kwa kamba na rula: mita tano kwa nne, na kina chake kwa wastani sentimita tatu. Fanya hesabu nami. Tano mara nne ni mita mraba 20, mara 0.03 ni mita za ujazo 0.6, yaani lita 600. Na kila lita ina kilo moja. Kilo 600 zilikuwa zimekaa juu ya kichwa cha shangazi, hazina haraka, zikitafuta tundu. (Mwalimu wangu wa fizikia, ukisoma haya, ujue sikulala darasani siku zote.)

Baba alikuwa tayari amekwisha kuuliza bei za tando za kufunikia paa. Utando ni shuka la mpira, plastiki au lami linalotandazwa juu ya slabu nzima ili maji yasiiguse kabisa. Mafundi wetu huuita membreni. Lakini fundi aliyekuja kutukagulia, mzee mmoja wa asili ya Mombasa ambaye amefanya kazi hii miaka mingi, hakutaka hata kusikia habari ya utando kabla ya mteremko. "Kijana," aliniambia, "utando si dawa ya dimbwi. Wewe huvai koti la mvua ukaogelea."

Kanuni waliyoirithi mafundi kutoka kwa Waingereza ni hii: paa tambarare lichorwe kwa mteremko wa 1 kwa 40, ili hata mwashi akikosea kidogo, lisipungue 1 kwa 80 mahali popote. Maana yake, kwa kila sentimita 80 unazotembea, paa lishuke angalau sentimita moja. Nyumba yetu ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, na imepakana na vichochoro pande zote mbili ndefu. Kwa hiyo tungeweza kuweka mgongo katikati, kama mgongo wa ng'ombe, maji yateremkie pande mbili, mita tano kila upande. Kwa 1 kwa 40 mgongo ungekuwa na kimo cha sentimita 12.5. Kwa 1 kwa 80, sentimita 6.25. Tukaridhiana na mhandisi kwenye 1 kwa 60, ambayo ni kama sentimita 8. Nitaeleza baadaye kwa nini hatukuchukua mwinuko mkubwa zaidi, na jambo lenyewe ni uzito.

Hapa naomba nikatize kidogo, maana hili ni jarida la Kiswahili. Mzee huyo alinisikia nikisema "kuezeka slabu" akaguna. Akaniambia kuezeka ni kwa makuti, nyasi na mabati. Paa la mawe na chokaa husakifiwa, na ndiko linakotoka neno sakafu. Nyumba za kale za Lamu zilifunikwa hivyo: boriti za mikoko hupangwa, juu yake vipande vya mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa lililopigwa kwa magongo hadi likashikana. Boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, chini ya mita tatu hivi. Nazo zilivuja! Kwa hiyo wengi baadaye waliweka paa la makuti juu ya sakafu ya dari. Basi tatizo la shangazi si geni kwa Waswahili, lina umri wa karne kadhaa. Na wazo la kuweka kifuniko juu ya kifuniko ndilo hasa alilolileta baba mkubwa kwenye kikao cha familia.

Baba mkubwa alitaka mabati. Alisema weka mbao, weka mabati, maneno yaishe. Sitamdharau. Kama nyumba yako haitapanda tena na juu hapana kitu, mabati yenye mteremko ni bora kuliko utando wowote, na fundi wa kuyarekebisha yuko kila mtaa. Lakini kwetu kuna matangi mawili ya maji, kuna vyuma 12 vya nguzo, na wapangaji huanika nguo huko. Mabati yangetobolewa kama chekecheo, na siku ya kujenga ghorofa yangetolewa yote. Shangazi akasema waziwazi kuwa yeye hataki kifuniko kingine cha haraka. Kikao kikakubali utando, na mimi nikapewa daftari niandike sifa za kila aina ili wazee wachague.

Aina ya kwanza ndiyo inayojulikana zaidi kwetu: utando wa lami iliyochanganywa na plastiki, unaoitwa APP. Ulibuniwa Italia miaka ya 1960. Huja kwa mabunda ya upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, unene wa milimita nne kwa kawaida. Fundi huuchoma upande wa chini kwa moto wa gesi hadi lami iyeyuke, kisha huubingirisha ukashika. Mafundi wake ni wengi na bei yake ni nafuu. Kasoro ni maungio. Paa la mita mraba 200 lingehitaji mabunda zaidi ya 20, na kila bunda lapishana na mwenzake sentimita kumi. Kila mpishano ni mahali ambapo fundi aliyechoka saa kumi jioni anaweza kuacha pengo lisiloonekana. Tena jua huukausha, hivyo unahitaji changarawe ndogo au rangi ya kuakisi mwanga juu yake. Ukitandikwa vizuri hukaa miaka 15 hadi 20.

Tando tatu zilizobaki huitwa za tabaka moja, kwa kuwa shuka moja tu jembamba ndilo linalofanya kazi yote. Nilipoona sampuli kwa mara ya kwanza sikuamini. Milimita moja na nusu! Unene wa sarafu, na ndio uzuie mvua ya Aprili?

Mmoja ni mpira mweusi uitwao EPDM, ndugu wa mpira wa ndani wa gurudumu. Umetumika kwenye mapaa tangu miaka ya 1960, na sidhani kuna unaouvumilia mwanga wa jua kama huo. Miaka 25 au 30 si ajabu. Jambo lililonivutia ni kwamba hutengenezwa kwa mashuka mapana mno, hata mita 15 kwa 30. Maana yake nyumba yetu nzima ingefunikwa kwa shuka moja bila kiungo hata kimoja! Nilirudi nyumbani nikiruka. Nikaandika kwenye daftari "HUU" kwa herufi kubwa. Mzee alipoona akaniuliza swali moja tu: "Na zile nguzo kumi na mbili utazifanyaje?" Shuka moja lingekatwa mara 12, na kila mkato ufungwe kwa vipande vya gundi na utepe, maana mpira huu hauyeyuki kwa moto, hubandikwa. Sifa yake kubwa ikafa hapo hapo. Kisha akanyosha kidole kwenye bomba la moshi la mkahawa. Pembeni yake slabu ilikuwa imeng'aa kwa mafuta ya nyama ya kukaanga. EPDM huharibiwa na mafuta na shahamu. Huvimba na kulainika. Nikakata "HUU".

Wa pili ni PVC, plastiki ya jamii ya ile ya mabomba, ila hii imelainishwa kwa dawa na kutiwa wavu wa nyuzi katikati. Maungio yake hayabandikwi kwa gundi. Mashine hupuliza hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 400 kati ya mashuka mawili, gurudumu likayabana, nayo yakawa kitu kimoja. Hustahimili mafuta ya jikoni kuliko mpira. Lakini ina adui asiyetarajiwa: lami. Ikigusana na lami, ile dawa ya kuilainisha huhama taratibu, na shuka likawa gumu na kupasuka. Na paa letu, kama mnavyokumbuka, lilikuwa limepakwa lami na yule fundi wa kwanza. Kwa hiyo ilibidi rangi ile ikwanguliwe, kisha uwekwe mkeka wa nyuzi wa kutenganisha. Kazi ya kukwangua nilipewa mimi na binamu zangu, na mikono yangu ilikuwa na malengelenge hadi mitihani.

Wa tatu ni TPO, ulioingia sokoni Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nao huunganishwa kwa hewa moto, na kwa kawaida ni mweupe. Michanganyiko ya mwanzo ilishindwa na joto, watengenezaji wakaibadilisha. Sisi hatukumpata muuzaji aliyekuwa nao tayari, basi sitausema zaidi.

Naongeza onyo kwa wenzangu ambao wazazi wao ni wakulima. Baba alipoona bei za PVC aliuliza, kwa nini tusitumie plastiki nyeusi ya bwawa, ile wakulima wanayotandika kuhifadhi maji ya kunyunyizia? Mara nyingi hiyo ni polithini ngumu, na kweli haipenyezi maji. Lakini bwawani imelala chini ya maji na udongo ukingoni umeishika. Juani hutanuka mno. Shuka la mita kumi likipata joto la ziada la nyuzi 40 laweza kuongezeka kama sentimita sita. Hebu fikiria likivuta na kusukuma kila siku kwenye pembe za ukuta. Tena ni gumu, halikunjiki vizuri kuizunguka nguzo.

Sasa ule uzito niliouahidi. Mzee alipendekeza tuitandaze PVC bila kuifunga, kisha tuilaze kokoto za mviringo juu, sentimita tano, ili zikinge jua na zizuie upepo kuinyanyua. Faida yake ni tamu: siku ya kujenga ghorofa, unaondoa kokoto, unakunja utando, unautumia tena. Wote tulipenda. Nikapiga hesabu. Kokoto za kina hicho ni kama kilo 85 kwa kila mita mraba, kwa mita mraba 200 ni tani 17. Ile saruji ya mteremko nayo, kwa wastani sentimita sita, ni kama kilo 135 kwa mita mraba, yaani tani 27. Jumla tani 44, bila matangi, bila watu. Mhandisi akafungua michoro ya babu, akanyamaza kitambo, akasema hapana. Slabu ilibuniwa ibebe watu na vyombo vya ghorofa, na sehemu kubwa ya uwezo huo ingekwisha kabla hajapanda mtu. Akasema chagueni, mteremko au kokoto. Mteremko ukashinda.

Basi PVC ikafungwa kwa skrubu zilizoingia kwenye saruji, kila safu ya skrubu imefichwa chini ya mpishano wa shuka linalofuata, ili utando usitoboke mahali palipo wazi. Na kwa kuwa sasa ingekaa juani, tulichukua rangi ya kijivu hafifu. Bei ilizidi ya lami karibu mara mbili. Baba mkubwa alitoa nusu yake, ingawa alinung'unika hadi mwisho, nami namshukuru hapa kwa maandishi.

Kazi yenyewe ilichukua siku tisa, na nyingi zilikwenda kwenye nguzo. Kila nguzo ilijengewa kiweko cha zege chenye kimo cha sentimita 15 juu ya sakafu mpya, vyuma vikafunikwa kwa saruji hafifu visioze, kisha utando ukapandishwa ubavuni na kufungwa kwa mkanda wa chuma. Kimo hicho cha sentimita 15 kilifuatwa pia kwenye kuta za ukingoni na miguu ya matangi. Mzee alisema paa halivuji katikati, huvuja mahali linapokutana na kitu kingine.

Kila asubuhi kabla ya kuanza aliunganisha vipande viwili vya majaribio, akavipoza, akanipa nivute kwa koleo. Shuka likichanika na kiungo kikabaki, joto ni sawa. Kiungo kikifunguka, mashine irekebishwe. Siku ya nne kiungo kilifunguka kama bahasha. Stima ilikuwa imepungua nguvu, mashine ikapuliza hewa isiyotosha. Alisimamisha kazi hadi jenereta ikaletwa, na saa tano zikapotea. Nilifikiria yule fundi wa rangi nyeusi: je, yeye angesimamisha? Jioni alipitisha ncha butu ya chuma kwenye kila mpishano, sentimita kwa sentimita, akichokonoa. Alipata mapengo matatu, yote kwenye nguzo.

Mwisho tuliziba mabomba yote manne, tukamwaga maji hadi yakasimama sentimita tano kwenye kingo, tukayaacha saa 24. Usiku ule shangazi alilala dukani. Hakuambiwa na mtu, alibeba godoro lake mwenyewe na tochi. Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kiti cha cherehani akitazama juu. "Hata jasho," akasema.

Juu ya kila bomba, kwenye ukuta wa ukingoni, pametobolewa tundu la dharura, juu kidogo ya mdomo wa bomba. Bomba likiziba, maji yatamwagika nje kichochoroni ambapo kila mtu atayaona na kupiga kelele, badala ya kurudi ndani kimyakimya. Maana mabomba huziba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, lakini tulipofungua bomba la zamani la upande wa kaskazini tuliitoa miwili, pamoja na majani ya mparachichi, kiatu cha mtoto, na mpira wa sodo niliopoteza nikiwa darasa la nne.

Kufagia paa sasa ni kazi yangu, mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Machi kabla ya masika na ya kwanza ya Oktoba kabla ya vuli. Napanda na ufagio laini na viatu vya raba, msumari wala jiko haviruhusiwi huko juu. Shangazi amewafumia wanafunzi sweta tena mwaka huu. Chumba cha kompyuta bado kiko wazi, na yeyote anayemjua mtu anayetafuta chumba kikavu Karatina, na amwone baba.